Mtoto kaizoea swichi, sasa hataki hata kulitazama toi. Shida ni toi, swichi au sisi?

#1 Mwalimu wa Awali
Wadau, habari za saa hizi. Nafundisha darasa la mchanganyiko: wapo wenye mtindio wa ubongo, wapo wenye usonji, wapo wasioona vizuri. Tuna mbwa wa betri aliyeungwa na swichi kubwa ya duara. Mtoto akiigandamiza, mbwa anatembea, anabweka, anatikisa mkia.

Kuna binti mmoja hasemi, na mkono anaoutumia ni wa kulia tu, tena kwa taabu. Mwanzoni alikuwa akibonyeza anacheka mpaka tunacheka wote. Siku hizi anabonyeza mara moja mbili, uso kaupeleka kulia wakati mbwa yuko kushoto, halafu basi. Wenzangu wanasema kashajifunza, apewe kingine. Mimi roho yangu inakataa, naona kuna kitu tunakikosa.

Naomba maoni. Na anayejua kubadilisha matoi ya kawaida yakubali swichi atupe elimu, kwa sababu yale yanayotoka kiwandani yakiwa tayari yameungwa yanauzwa ghali kuliko toi lile lile likiwa kavu.

#2 Fundi Waya
Akiachia swichi mbwa anasimama papo hapo au anamaliza kwanza? Na waya umeingilia wapi, kwenye betri au tumboni?

#3 Mama Kulwa
Wa kwangu alipitia huko huko, tena yeye alizidi. Akawa anaisukuma swichi ianguke chini, anacheka. Naiokota, anaisukuma tena. Mpaka leo naamini mchezo wenyewe ulikuwa kuniona mimi nikiinama.

#4 Mwalimu wa Awali
@Fundi Waya anasimama papo hapo. Kuna kisahani chembamba kimepachikwa kwenye betri, waya unatokea hapo.

#5 Fundi Waya
Basi nimeshaanza kupata picha. Ngoja nieleze hicho kisahani kwanza, maana wengi humu watakihitaji.

Ni vipande viwili vyembamba vya shaba vilivyotenganishwa na kihami katikati, yaani kitu kisichopitisha umeme, chaweza kuwa plastiki au hata kadibodi ngumu. Kila kipande kimelehemiwa waya wake, na waya zote mbili zinaishia kwenye tundu la jeki la milimita 3.5, ukubwa ule ule wa spika za masikioni. Unakipachika kati ya ncha ya betri na kile chuma cha toi, unaliacha toi lenyewe likiwa limewashwa. Umeme unagota kwenye kihami. Mtoto akibonyeza swichi, waya mbili zinakutana, umeme unapita, mbwa anatembea. Hulifungui toi, huharibu chochote, na kesho unakihamishia kwenye toi jingine.

Tatizo liko hapa. Matoi mengi ya sasa yana chipu ndani. Ukikata umeme chipu inasahau ilikuwa wapi, ukiurudisha inaanza mwanzo. Binti yako ana mkono mzito, anagusa na kuachia. Kila akigusa anasikia mbweko wa kwanza na hatua mbili, basi. Hajawahi kumwona huyo mbwa akimaliza mchezo wake! Wewe ungevumilia?

Tafuta kisanduku cha kushikilia muda. Kinakaa kati ya swichi na toi: mguso mmoja, toi linakwenda kwa sekunde ulizopanga. Vingine vina mtindo wa pili, mguso wa kwanza unawasha na wa pili unazima.

#6 Kibatari
Fundi bwana! Umletee mgonjwa wa jino atatafuta waya umekatikia wapi 😂

#7 Tabibu wa Mikono
Fundi kaeleza vizuri upande wa umeme, ila kwa mtoto anayeanza mimi simpi kisanduku cha muda haraka. Kubonyeza-linakwenda, kuachia-linasimama ndiyo somo lililo wazi kuliko yote, maana mwili wake na toi vinakwenda pamoja. Ukimwekea sekunde kumi na tano za mbwa kutembea peke yake, wengine hawaunganishi tena mkono wao na yule mbwa.

Mimi kilichonishtua kwenye maelezo ya mwalimu ni hiki: mkono wa kulia, uso kulia, mbwa kushoto. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hubaki na rifleksi ya shingo, yaani mwendo wa mwili usio wa hiari, ambayo kwa kawaida hupotea katika miezi ya kwanza ya maisha. Kichwa kikigeukia upande mmoja, mkono wa upande huo unanyooka, na wa upande wa pili unajikunja. Sasa jaribu kufikiri kwa mwili wake. Akimtazama mbwa kushoto, mkono wa kulia unakunjwa, swichi haifikii. Akigeuza uso kulia, mkono unanyooka, swichi inabonyezeka. Inawezekana kabisa kwamba huyo mtoto hajamkataa mbwa. Inambidi aache kumtazama ili aweze kumwendesha.

Mhamishie mbwa kulia, nyuma kidogo ya swichi, uone. Au iache mikono kabisa, weka swichi kwenye kiegemeo cha kichwa au kando ya goti.

#8 Mama Kulwa
Tabibu umeniacha mdomo wazi. Yaani miaka yote hii tunawaambia "tazama unachofanya"!

#9 Macho ya Ndani
Kabla hamjahitimisha, kuna sababu nyingine ya uso kugeuka. Watoto wengi wa aina hii wana shida ya kuona inayotoka kwenye ubongo, macho yenyewe yakiwa mazima. Tabia mojawapo inayojulikana ni hii: anatazama kitu, anageuza uso pembeni, *ndipo* anapeleka mkono. Kuona na kutenda kwa wakati mmoja ni kazi nzito kwa ubongo wake, kwa hiyo anavifanya kwa zamu.

Ongeza kwamba huyo mbwa anabweka, anatembea, anatikisa mkia, huku nyuma yake kuna ukuta wenye picha na herufi za rangi zote. Wengi wao sauti ikianza kuona kunazimika. Tandika kitambaa cheusi kisicho na maua mezani na nyuma ya toi. Chagua toi la rangi moja kali, nyekundu au njano mara nyingi huanza vizuri. Kitu kinachosogea wanakiona kuliko kilichotulia, kwa hiyo mwendo uache, mbweko uuzibe. Kipaza sauti kikiwekewa mkanda wa gundi sauti inashuka sana.

#10 Kibatari
Shingo moja, madaktari wawili. Nani alipwe?

#11 Tabibu wa Mikono
@Kibatari swali zuri japo umelileta kwa utani. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Hamisha mbwa tu, chumba kibaki vile vile, tazama. Siku nyingine mrudishe mbwa mahali pake, tandika kitambaa cheusi tu. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichosaidia. Na inawezekana Macho ya Ndani yuko sahihi na mimi niko sahihi, mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Halafu, mwalimu, miguu yake inagusa kitu? Mtoto asiyekalia vizuri anatumia nguvu zote kujizuia asianguke, mkono unabaki na makombo. Nyayo zikanyage ubao, nyonga ziwe nyuma kabisa kwenye kiti. Hayo ndiyo ninayoangalia kabla ya toi lolote.

#12 Mwalimu wa Awali
Miguu inaning'inia. Nitatafuta kibao. Ahsanteni, endeleeni.

#13 Msomi wa Jioni
Naona mmezama kwenye misuli na waya, mmesahau akili. Mwaka 1969 Rovee na Rovee, mtu na mumewe, mke ndiye aliyekuja kujulikana kama Carolyn Rovee-Collier, walifunga utepe kutoka mguu wa mtoto mchanga hadi kwenye vitu vinavyoning'inia juu ya kitanda chake. Akipiga teke, vinacheza. Watoto wa takriban wiki kumi walielewa haraka, wakaongeza mateke. Wiki kumi, wakuu! Sasa binti wa umri wa shule mnataka aendelee kushangilia kwamba nikibonyeza mbwa anabweka? Kashaelewa zamani. Amechoshwa. Wale walimu wengine wanaosema apewe kingine wako sahihi kuliko mnavyotaka kukubali.

Na mkikataa hilo, basi kuna jingine baya zaidi: kutojiweza kunakofundishwa. Seligman na Maier, 1967, walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, baadaye hata wakiwekwa mahali wanapoweza kutoroka wengi wao hawatoroki. Mtoto ambaye kila kitu anafanyiwa anajifunza hivyo hivyo kwamba juhudi yake haina maana.

#14 Kibatari
Hata huku mbwa wamo. Huu uzi una laana ya mbwa.

#15 Jirani wa Maktaba
@Msomi wa Jioni masahihisho kidogo. Maier na Seligman wenyewe walirudi mwaka 2016 wakaigeuza ile nadharia. Kwa ushahidi wa sayansi ya ubongo walisema kutulia na kukata tamaa mbele ya mateso ya muda mrefu hakufundishwi, ndiyo hali ya asili. Kinachofundishwa ni kujua kwamba una uwezo wa kubadilisha jambo. Kwa hiyo hoja yako inapinduka: kila bonyezo linaloleta jibu ni somo, na likikosekana mtoto anabaki pale pale. Na tusisahau kwamba wale mbwa walikuwa kwenye maumivu, huyu yuko kwenye mchezo. Sijui kama nadharia hiyo inavaana na kisa hiki.

#16 Msomi wa Jioni
Hiyo ya 2016 naifahamu. Ile ya 1967 haijafutika lakini, wanyama walitulia kweli. Maelezo ya kwa nini ndiyo yaliyobadilika.

#17 Mpita Njia
Samahani naingilia. Kwa nini kila mtu humu anauliza mtoto *anajifunza nini*? Watoto wengine wakicheza hatuwapimi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unataja haki ya kupumzika na kucheza. Haukuongeza "mradi ajifunze sababu na matokeo".

#18 Jirani wa Maktaba
Kweli, na ule wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 30, unawataja watoto wenye ulemavu kushiriki michezo na burudani sawa na wenzao, na unataja shule ndani yake.

#19 Gari la Tatu
Mimi nasema mbwa mwenyewe ndiye shida: anakwenda yeye, mtoto anabaki. Held na Hein, 1963, waliwaweka paka wachanga wawili wawili kwenye mtambo wa kuzunguka. Mmoja alitembea kwa miguu yake, mwingine alibebwa kwenye kikapu akiona yale yale. Aliyetembea alipata kuona kina na umbali vizuri, aliyebebwa akashindwa vipimo. Kuona peke yake hakukutosha.

Ndiyo maana nawapenda wale wa Go Baby Go, mradi ulioanzishwa na Cole Galloway akiwa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani. Wanachukua magari ya betri ya watoto ya kupanda, wanaiondoa kazi ya pedali ya mguu, wanaiweka kwenye kitufe kikubwa katikati ya usukani. Wanaongeza kiegemeo na mikanda. Mtoto akibonyeza, *yeye* ndiye anayekwenda. Ukimwona mtoto aliyebebwa maisha yake yote akienda kugonga kabati kwa hiari yake utaelewa.

#20 Kibatari
Nani anamlipia mwenye kabati?

#21 Magurudumu Mawili
Nimesoma tangu mwanzo nikinyamaza. Mimi ndiye yule binti, ila nimekuwa mkubwa na ninaandika hapa kwa swichi mbili, moja shavuni, moja gotini.

Kituo nilichokulia walikuwa na toi langu la swichi, sokwe anayepiga ngoma. Lilitolewa kabatini mtaalamu alipokuja. Nikabonyeza, akaandika. Nikabonyeza, akaandika. Alipoondoka, sokwe akarudi kabatini. Sikuwahi kuachiwa naye. Baada ya muda nikaacha kubonyeza, wakaandika kwamba nimerudi nyuma. Kwa mwili wangu ule, kutobonyeza ndicho kitu pekee nilichoweza kukataa na mtu akaona.

Sisemi huyu binti ni hivyo. Lakini katika sababu zote mlizoweka, hakuna hata moja inayosema hataki.

#22 Mama Kulwa
Dada, pole. Na ahsante kwa kuandika.

#23 Mwalimu wa Awali
@Magurudumu Mawili mbwa wetu naye anakaa kabatini. Nikuulize, ungetaka nini badala yake?

#24 Magurudumu Mawili
Kwanza ningetaka swichi ya pili, yenye kazi tofauti. Swichi moja maana yake ni ndiyo au kimya. Ukiwa na mbili angalau unachagua: huyu au yule, endelea au acha.

Pili, iungeni na watu. Ule mchezo wa kuzunguka viti muziki ukikatika watu wanakaa: mpe yeye muziki. Akibonyeza wanacheza, akiachia wote wanakimbilia viti. Mashine ya mapovu ya sabuni, wenzake wanayapasua. Kile kifaa cha kurekodi sauti ukibonyeza kinasema, kirekodiwe "simameni!" na sauti ya mtoto wa rika lake, si ya mwalimu. Mbwa wa betri hajali nimembonyeza lini. Wenzangu ningewasubirisha kidogo makusudi, na hapo ndipo penye raha yote.

#25 Tabibu wa Mikono
Naunga mkono, na niongeze la mikono yetu sisi. Tuna tabia ya kushika mkono wa mtoto na kuugandamiza kwenye swichi. Anayebonyeza hapo ni sisi. Ukilazimika, weka mkono wako *chini* ya wake, auondoe akitaka. Na subiri. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kumwambia "bonyeza" mara ya pili. Mwili wake unapanga safari ndefu, ukimkatiza anaanza upya, sawasawa na ile chipu ya Fundi.

#26 Fundi Waya
Chipu imepata mtetezi! 😄

#27 Kijana wa Karakana
Fundi, mimi nina dubu wa kuchezea asiyekubali kisahani. Nimeweka, mtoto anabonyeza, dubu kimya. Lazima umbonye kiganja ndipo aimbe.

#28 Fundi Waya
Huyo kisahani hakimfai. Kisahani kinafaa toi ambalo ukiliwasha tu linaanza kazi. Dubu wako akipata umeme anasubiri amri ya kiganja.

Mfungue mshono, fuata waya za kiganja. Utakuta kiswichi kidogo chenye ncha mbili. Gusanisha hizo ncha kwa kipande cha waya: akiimba, umepata mahali. Lehemu waya mbili hapo, zitoe nje kwenye tundu la jeki la mono, funga fundo ndani ya mwili ili waya ukivutwa using'oe lehemu, mshone. Kiganja cha zamani kitaendelea kufanya kazi, kwa hiyo ndugu zake nao watacheza naye.

Jeki iwe ya mono. Ya stereo ina pete ya ziada, ukichanganya na mono mara nyingine haiungi kabisa na mara nyingine inaunga muda wote. Na kama kiganja kinaitikia kidole bila kuminywa, hicho ni kihisio cha mguso, hakina ncha mbili za kugusanisha. Hapo achana nacho, tafuta dubu mwingine.

#29 Kijana wa Karakana
Nimeona watu wanatumia Makey Makey, unaunga hata kwenye karatasi ya bati. Si inamaliza yote haya?

#30 Jirani wa Maktaba
Hiyo ni kitu kingine. Makey Makey, ya Jay Silver na Eric Rosenbaum wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, ilitoka 2012. Inaingia kwenye kompyuta kwa USB na kompyuta inaiona kama kibodi. Chochote kinachopitisha umeme kidogo kinakuwa kitufe. Kwa michezo ya kwenye skrini ni nzuri mno, kwa dubu haikusaidii.

Kwa wale wakubwa wanaopenda gemu, kidhibiti cha Xbox cha watu wenye ulemavu cha 2018 kina matundu 19 ya milimita 3.5 mgongoni. Yaani swichi ile ile ya mbwa inachomekwa humo. Sony nao walitoa chao cha PlayStation mwaka 2023.

#31 Mama Kulwa
Kumbe swichi niliyonayo itamfuata mwanangu mpaka ukubwani! Basi naweza kuiunga na feni ya ukutani pia awashe mwenyewe?

#32 Fundi Waya
HAPANA. Mama Kulwa, hapana kabisa. Swichi hizi ni za umeme wa betri. Umeme wa ukutani usipite kwenye waya wala jeki ya mtoto, hata kwa dakika. Kuna visanduku vya kiwandani vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, feni inachomekwa kwenye kisanduku, na upande wa swichi umetengwa kabisa na umeme mkubwa. Usijenge mwenyewe, na usimruhusu fundi wa mtaani ajenge, hata awe mimi.

Na kwa kuwa tuko kwenye hatari: waya wa kisahani unazuia kifuniko cha betri kufunga. Watu wanakiacha wazi. Chonga kijishimo pembeni ya kifuniko waya upite, kisha kaza skrubu. Matoi yenye betri za vidonge, zile bapa kama sarafu, mimi siyagusi kwa watoto wanaopeleka vitu mdomoni. Ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ukishuku tu, hospitali mara moja, usisubiri dalili.

#33 Macho ya Ndani
Na taa. Kama mtoto ana kifafa, angalia toi linalomwekamweka. Kanuni inayotumika kwenye skrini ni kutozidi mimweko mitatu kwa sekunde. Taa za baadhi ya matoi zinaweza kupita hapo, zibeni au kateni waya wake.

#34 Mwalimu Asiyeona
Mnazungumza swichi tu. Watoto wasioona nao je? Wengi hatuhitaji kubonyeza chochote, tunahitaji kitu kijulikane kiko wapi. Mpira ufunge ndani ya mfuko wa plastiki unaochakarika, tayari unacheza. Goalball, mchezo mzima wa kimataifa, umejengwa juu ya mpira wenye kengele tangu 1946, ulibuniwa kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani.

#35 Kibatari
Na LEGO, wale watengenezaji wa vitofali vya kuchezea, walibuni vile vya nukta nundu.

#36 Mwalimu Asiyeona
LEGO walitengeneza na kuvitoa 2020. Wazo walipelekewa na chama cha wasioona cha Denmark mwaka 2011, kisha na taasisi ya Dorina Nowill ya Brazili mwaka 2017. Tupeni haki yetu. Ninachokipenda ni kwamba kila tofali lina herufi ya kawaida imechapwa pembeni, anayeona na asiyeona wanajenga neno moja mezani. Na kinashikana na vitofali vya kawaida vya LEGO, si toi la pembeni la "wale".

#37 Mpita Njia
Hapo naona hoja ya Magurudumu Mawili inarudi kwa mlango mwingine.

#38 Mwalimu wa Awali
Nimerudi na mrejesho. Nimeweka kibao chini ya miguu. Nikamhamishia mbwa kulia. Alibonyeza akamtazama! Si kwa muda mrefu, lakini alimtazama, na akarudia. Mbwa sasa anakaa kwenye rafu ya chini na anatolewa akimwonyesha kwa macho. Viti na muziki tutajaribu, bado natafuta redio inayokubali kisahani.

#39 Tabibu wa Mikono
Rifleksi. Nilisema.

#40 Macho ya Ndani
Mwalimu, ulimjaribu na darasa likiwa limejaa?

#41 Mwalimu wa Awali
Hapana, wenzake walikuwa nje. Palikuwa kimya.

#42 Macho ya Ndani
Ahaa.

#43 Msomi wa Jioni
Na mbwa alikuwa mahali papya, kwa hiyo ni kitu kipya kwake. Uchovu umeisha. Tuonane baada ya muda.

#44 Fundi Waya
Betri ulibadilisha?

#45 Mwalimu wa Awali
Nilibadilisha ndiyo, zilikuwa zimechoka 🙈

#46 Kibatari
Fundi kashinda 😂😂 Huu uzi ufungwe kabla hajadai malipo.

#47 Magurudumu Mawili
Au alifurahi tu kwamba safari hii aliulizwa. Lakini endeleeni kugombea.

#48 Kijana wa Karakana
Wakuu, dubu kaimba! Swali la mwisho: toi langu la pili linatumia betri nne nyembamba, kisahani kiwekwe kwenye kila betri?

#49 Fundi Waya
Kimoja tu. Betri zikiwa zimepangwa kwa mfululizo, ukikata njia mahali pamoja umekata yote. Kama hakitulii, pindua betri iliyo karibu na chemchemi, kipachike upande wa bapa... samahani, usiipindue betri, pindua toi, tafuta betri ambayo upande wake wa bapa uko mahali unapofikika. Na piga picha ya dubu utuonyeshe mshono.